Roboti Iliyopotea Ghalani

Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakuwahi kufika ghala letu la ndengu hapa Kasikeu.

Mwaka mzima nilikuwa nikiunda roboti ya kubeba magunia. Haina macho, hurusha miale inayopima umbali wa kila ukuta na kila rundo, kisha inalinganisha na ramani tuliyoichora pamoja, nikiizungusha ghala hatua kwa hatua. Ikikuta kilicho kwenye ramani, inajua ilipo. Isipokikuta, imepotea. Wageni kutoka kampuni moja ya Nairobi wangekuja kuijaribu Jumatano. Wakiipenda, ningepata kazi hapa nyumbani, mama asizeeke peke yake. Wakiikataa, ningerudi Nairobi.

Asubuhi hiyo nilienda Malili kuwapokea. Niliporudi nao, niliukuta mlango wa ghala wazi. Mama na wenzake wa kanisani walikuwa wametuandalia. Magunia yote yalikuwa yamesukumwa nyuma kupisha viti, na kuta zimefunikwa mapazia ya kanisa mpaka chini.

"Mwaitu, mmefanya nini?" nilimnong'oneza mama.

"Si ni wageni? Ulitaka wakae kwa vumbi?"

Kuchora ramani upya ni kazi ya nusu siku, na wageni walikuwa na saa moja tu. Niliiwasha hivyo hivyo, nikiomba kama mjinga. Ilienda kidogo, ikasimama. Ikageuka kushoto, ikageuka kulia, ikazunguka papo hapo. Kisha ikalivamia pazia, likaanguka na waya wake. Akina mama walipiga makofi na vigelegele, wakidhani ndiyo kazi yenyewe.

Wageni walikula kuku na chapati, wakashukuru sana. Mkubwa wao aliniita kando ya gari, akaniambia mashine inayopotea viti vikisogezwa haifai ghalani, maana ghalani vitu husogezwa kila siku. Alisema kweli, na ukweli huo ndio unaonichoma. Natamani ningeweza kuwalaumu akina mama. Kosa ni langu.

Jioni mama aliniuliza, "Wamefurahi?"

"Wamefurahi, mwaitu."

Akampigia dada yake aliye Sultan Hamud, sauti juu nyumba nzima. "Nthenya harudi Nairobi tena! Mungu amenijibu!"

Nilikaa jikoni nikimsikiliza, nikashindwa kumkatiza. Basi langu linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi.