Raha Iliyokosa pa Kufikia

Mama Brashi aliosha vizimba vya panya kwa kuanzia pembeni, maana huko ndiko mkojo hugandia. Alikung'uta maranda kwenye pipa, akaloweka kizimba kwenye sinki, akainama, akasugua. Huko kuinama ndiko kulikomharibu. Mgongo ulikuwa umepinda, mguu wa kushoto umeanza kufa ganzi, na daktari hakumficha: asipopasuliwa, siku moja atakaa chini asinyanyuke tena. Maabara ilikuwa imeahidi mashine ya kuoshea. Ahadi ni deni, lakini wapo wadaiwa wasio na haraka.

Chumba cha jirani, mtafiti aliwafunza panya. Siku moja panya alipewa mofini, dawa ya kuua maumivu na kuleta raha, kwenye kisanduku chenye mistari, siku nyingine maji matupu kwenye kisanduku cheupe. Kisha mlango wa katikati ulifunguliwa, achague mwenyewe. Wote walikimbilia kwenye mistari, wakajikunyata hapo hata pasipokuwa na kitu. Mtafiti akataka kujua somo hilo linaingilia wapi. Akawadunga dawa ya kuziba vipokezi, yaani vile vijilango vya ubongoni vinavyoipokea mofini. Safari hii panya walipewa mofini ileile na wakazurura tu, kisanduku chochote kwao sawa.

Raha ilipokuta milango imefungwa haikurudi ilikotoka. Ilipita chini ya mlango, ikaambaa na ukuta wa korido, ikaingia kwa Mama Brashi asubuhi akiwa kazini. Ilimshika magotini kwanza, ikapanda. Maumivu yakaaga.

“Umeisikia?” mtafiti aliuliza, akichungulia mlangoni.

“Nimeisikia, mwanangu. Ina ujoto ujoto hivi.”

“Ndiyo yenyewe. Ilikuwa lazima ifikie mahali.” Akaenda kunywa chai.

Habari haina miguu lakini inatembea. Mhasibu akahamia pale na chakula chake cha mchana, akawa anakula ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mlinzi wa getini akawa anakuja kunawa mikono isiyo na uchafu. Mwisho akaja mkurugenzi, akamkuta Mama Brashi amejikunja juu ya sinki anaimba.

“Kumbe umepona!” akasema, na akafurahi kwa dhati. Akapiga simu palepale kufuta ununuzi wa mashine. Mama Brashi akamshukuru kwa kumjulia hali.

Ila raha haikumfuata nyumbani. Huko maumivu yalimngoja mlangoni, kwa hiyo akawa anachelewa kurudi, na siku za mapumziko alikwenda kuosha vizimba vilivyokwisha kutakata.

Bintiye, fundi cherehani, hakuwa mtu wa kufunika kombe mwanaharamu apite.

“Mama, unaburuta mguu.”

“Mguu wangu ndivyo ulivyo.”

“Tangu lini? Mimi nimekuona ukikimbiza kuku kwa mguu huohuo.”

Alisumbua hospitali mpaka wauguzi wakamchoka, na hatimaye kitanda kikapatikana. Mama alitakiwa kupasuliwa Alhamisi. Nafasi hiyo ikipita, daktari alisema, hajui nyingine itatokea lini, na mguu hautasubiri.

Alhamisi asubuhi mama hakuwapo chumbani kwake nyumbani. Binti hakuhitaji kupiga ramli. Alichukua teksi hadi maabara, akamwambia dereva asizime gari, akaifuata korido amefura kwa hasira.

“Mama! Vua hiyo aproni twende. Leo nitakubeba hata mgongoni.”

“Ngoja nimalize hiki kimoja.”

“Humalizi kitu!”

Akaingia kumshika mkono. Raha ikampata kifuani, akiwa bado ameunyoosha mkono wake. Taya alilolikaza tangu daktari aseme neno lake likalegea. Akamtazama mama yake, aliyepinda kama ndoano, na akampenda kuliko siku yoyote ya maisha yake. Upendo huo ulikuwa wa kweli, haukuwa wa panya wala wa mtafiti.

Nje, teksi ikapiga honi. Ikapiga tena, kwa muda mrefu, kisha ikasikika ikigeuza.

Mama alitaka kusogea ampishe mwanawe kwenye sinki. Mguu wa kushoto haukuja. Akauinua kwa mikono miwili, akauweka kando ya mwenzake kama mtu anayepanga viatu.

“Umeuona?” akauliza.

“Nimeuona, mama,” binti akasema, huku akitabasamu na kukunja mikono ya gauni lake. “Brashi nyingine iko wapi?”