Sihaba na Nguo Nyeupe

Mwaka themanini na saba, waasi wa Msumbiji walipomteka mumewe, Abdulswamadu, askari aliyepelekwa vitani kule, pamoja na wenzake, Sihaba aliwakusanya wake wa askari wa Mbuchi, wakawa wanakwenda Kibiti kuisihi serikali iwakomboe waume zao. Mwaka ukapita kimya. Wakwe wakaamini amekufa, wakamsomea hitima, wakamkalisha eda kwa nguo nyeupe.

Asubuhi moja Salama, mmoja wa wale wake wa askari, akabisha hodi. "Shoga, toka! Mateka wanashushwa Kibiti!"

"Mwenye eda hatoki!" mama mkwe akafoka.

"Bismillahi," Sihaba akasema, akatoka vilevile alivyo.

Kibiti, kutoka kwenye lori akashuka Abdulswamadu, mkavu kama ng'onda. Akamtazama mkewe na nguo zile nyeupe, uso ukamsawijika.

"Innalillahi! Mke wangu, tumefiwa na nani?"

Sihaba akapiga magoti mchangani, asiweze kumwambia kuwa marehemu ni yeye mumewe.