Alama Tisini na Mbili

Pa! Pa! Pa! Muhuri ulisikika tangu mwanzo wa korido. Mwanafunzi alipochungulia ofisini alimkuta karani akigonga fomu za tathmini, moja baada ya nyingine: IMEPITIWA. Fomu zote zilikuwa tupu.

"Karani, mbona mnazipitisha kabla hatujajaza?"

"Wageni wa ukaguzi wanafika saa sita, Kiherehere. Chukua yako, ujaze, uniache nipumue."

Jina hilo alipewa na wenzake kwa kuuliza sana. Hakuwahi kulikataa.

Akaenda kukaa darasani. Kozi iliyotathminiwa ilikuwa fahari ya idara ya ustawi wa jamii: wanafunzi hupewa tatizo la mtu halisi, jina limefutwa, wakalitatua kwa vikundi. Fomu ilikuwa na maswali kumi na nane. Kozi imekuridhisha? Kikundi kilishirikiana? Viti vilitosha? Hakuna swali hata moja lililouliza mwenye tatizo aliishia wapi.

Nyuma yake mama mfagizi alikuwa anapiga deki. Akasimama mbele ya karatasi zilizobandikwa ukutani kwa ajili ya wageni.

"Mwanangu, hebu nisomee hapa. Macho yangu haya ya kukisia."

Akamsomea. "Kisa Namba Nne. Mwanamke, miaka hamsini na sita, mfagizi. Analea mjukuu wa kike, miaka tisa, kiziwi, hajawahi kusoma. Shule ya viziwi inataka barua ya ustawi wa jamii."

Mama akacheka, kicheko kikavu. "Yaani nimebandikwa ukutani na mimi ndiye naupangusa! Mwalimu wenu alikuja kwangu na wanafunzi watano. Wakakaa kitandani, wakaandika, wakasema barua inakuja. Mwezi wa saba huu."

Mwanafunzi akamgeukia. "Barua niliiandika mimi hapa darasani, mama. Sikujua ni wewe."

"Ikaenda wapi?"

"Ikapata tisini na mbili."

"Shule ikasemaje?"

Mwanafunzi akasimama. Usajili wa shule ile ulikuwa unafungwa kesho yake adhuhuri. Alilijua hilo kwa sababu aliliandika mwenyewe kwenye barua.

Akaenda kwa mratibu wa kozi, akamkuta anapanga mafaili kabatini.

"Ile barua haitoki. Ni kielelezo cha tathmini."

"Mwalimu, isainiwe tu ipelekwe. Mwenyewe yuko hapo nje na ndoo."

"Lile lilikuwa zoezi, kijana. Tukimsaidia mmoja, kesho watapanga foleni."

"Wasipopanga kwetu wakapange kwa nani? Si ndiyo kazi tunayosomea?"

"Unasomea kufaulu. Kesho saa mbili unawasilisha Kisa Namba Nne mbele ya wageni. Usipoonekana, kozi unairudia mwaka mzima. Na uvae tai."

Akarudi darasani. Akaichukua fomu yake, akaandika kwa herufi kubwa juu ya maswali yote kumi na nane: MUULIZENI MAMA ANAYEPIGA DEKI. Akampelekea karani, naye akaitazama, akaikunja, akaitupa kapuni.

"Umeiharibu. Shika nyingine."

Hakuishika. Wageni walikuwa wanaingia koridoni, viatu vyao vikichora matope kwenye sakafu mbichi. Mama alisogea ukutani kuwapisha, nao wakampita kama nguzo. Mratibu akawaonyesha mlango wa darasa: "Karibuni, hapa tunafundisha kwa vitendo."

Mwanafunzi akamfuata mama, akasema kwa sauti, bila kujali ni nani anasikia:

"Barua wameifungia kabatini. Naandika nyingine leo, na safari hii ina jina lako na la mtoto."

"Wenzako nao walisema hivyo hivyo, mwanangu. Na si nimesikia kesho una mtihani wako na hao mabwana?"

"Watawasilishiwa na kiti changu kitupu. Kesho saa mbili niko mlangoni kwako, mama. Mvalishe mtoto viatu. Tunakwenda shuleni watatu, na hatuondoki pale mpaka atuambie mtu, kwa mdomo wake, kwa nini mtoto huyu asisome."