Nukta Chini ya Godoro

Hivi wewe, ungekuta mumeo ameweka chini ya godoro karatasi zenye nukta mia na zaidi, kila karatasi ina tarehe na saa, ungefikiria nini?

Mimi nilifikiria mitumbwi. Ilikuwa themanini na tatu, mwaka wa kukamata walanguzi, na kwetu Kibara nukta za mwanga zilikuwaga na maana moja tu: karabai za wavuvi wa dagaa. Clementi, mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi, kila jioni alikuwaga nyuma ya jiko na darubini aliyoachiwa na padri. Nikajiambia, huyu anawahesabia walanguzi mitumbwi yao ya magendo. Chai nikawa nampa bila kumtazama usoni.

Jumanne usiku balozi wetu wa nyumba kumi, Magige, akaingia bila hodi. Akakuta karatasi mpya mezani.

"Mwalimu, mitumbwi hii inavuka lini?"

"Ni nyota, balozi."

"Nyota! Mimi nimezaliwa jana?" Akanigeukia. "Shemeji, hebu sema wewe."

Neno langu moja lingempeleka Clementi mahabusu Bunda. Nikasema, "Atuonyeshe."

Tukatoka. Darubini ilielekea juu kabisa, utosini. Ziwa lilikuwa kule chini. Nikachungulia: vumbi la mwanga, kama unga wa muhogo uliomwagika kwenye sufuria nyeusi. Clementi akasema ni nyota zilizozaliwa pamoja, mamia, zamani sana, umri wake karibu sawa na wa jua. Makundi mengine ya namna hiyo hutawanyika mapema. Hili bado limeshikana. Na karatasi? Alikuwa anazinyoosha tu chini ya godoro.

Magige akachungulia muda mrefu, jicho moja kalifinya hadi mdomo ukapinda.

"Mamia, miaka yote hiyo, na hakuna aliyemchongea mwenzake?"

"Hakuna."

"Basi hawana balozi," nikasema.

Akacheka, kicheko kikakatika. Hakuondoka. Akazunguka jiko, akatazama nyuma ya kuni, akafunua pipa. Nikaogopa upya. Sasa anatafuta nini, huyu?

"Balozi, sema tu," Clementi akamwambia.

Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Mke wangu Wegesa amejifungua juzi. Madukani sabuni hakuna, nguo za mtoto tunafua kwa majivu, ngozi yake imechubuka yote. Nilidhani mitumbwi inawaletea sabuni, mwalimu, na mmeificha. Nilikuja kuomba kipande."