Mwenye Nyumba Atalipa

Kazi yangu ni kusimamia mauzo ya mkopo katika ghala la mabati hapa Pensacola. Miaka kumi na tisa sijawahi kuchelewa hata siku moja. Fundi akichukua mabati kwa mkopo, namwandikia mwenye nyumba barua mapema: fundi wako asipotulipa, tutaidai nyumba yako, hata ikibidi iuzwe. Wengi huitupa pamoja na matangazo ya piza.

Bi Opal Whidden hakuitupa. Aliiweka ndani ya Biblia akidhani ni stakabadhi. Ni mjane aliyeendesha basi la shule miaka thelathini. Kimbunga kilipomng'olea paa, fundi Royce Tatum alimwezekea jipya kwa mabati yetu, naye akamlipa Royce pesa zote. Royce hakutulipa sisi hata senti.

Bi Opal alikuja ofisini siku ya themanini na tisa tangu mabati yatoke ghalani. Siku ya tisini ndiyo mwisho wa kuandikisha dai.

"Binti yangu, mimi nimeshalipa."

"Najua, Bi Opal. Royce ndiye hajatulipa."

"Basi mdaini Royce."

"Sheria inaturuhusu kuidai nyumba."

"Yaani nilipe paa moja mara mbili?"

Nikamjibu ndiyo. Sauti yangu mwenyewe ilinichukiza.

Nilimpigia Royce. Alikuwa anatafuna kitu.

"Renata, mrembo, wanipigia mimi ya nini? Nyumba si ipo palepale? Haina miguu ile."

"Umekula pesa za mjane, Royce."

"Kwani nimekula zako? Wewe utalipwa tu. Punguza presha."

Angekuwa anaezeka shule ya serikali, angelazimishwa kwanza kuleta dhamana ya kampuni ya bima, nami ningeidai hiyo. Shule ina dhamana. Mjane ana barua yangu, yenye maneno ambayo hata mimi nilieleweshwa na mwanasheria. Hiyo ndiyo haki yetu, na inanuka.

Nilimwendea Delmar Suggs, mwenye ghala. Alinisikiliza, kisha akanisogezea oda mpya ya mabati, kwa mkopo.

"Royce huyuhuyu?" nikamuuliza.

"Hajawahi kunipotezea senti. Asipolipa yeye, atalipa mwenye nyumba. Wewe ndiye unayenihakikishia hilo, mama. Ndiyo maana nalala usingizi."

Natamani kusema nilikataa. Sikukataa. Kesho yake asubuhi niliandikisha dai juu ya nyumba ya Bi Opal, kwa wakati, kama kawaida yangu.

Lakini barua ya kumwonya mwenye nyumba wa oda mpya sikuipeleka posta. Anwani ilikuwa mitaa mitatu kutoka kwa Bi Opal, nikapitia kwake kwanza na kumweleza yote. Alikuwa na kila sababu ya kunifungia mlango. Aliitazama ile anwani, akachukua mkoba wake na kupanda garini.

Mlango ulifunguliwa na mzee Thurman Gaskin, aliyekuwa akifuma sweta la mjukuu. Uzi ulikuwa bado shingoni. Juu ya nyumba yake lilikuwa limetandazwa turubai la buluu.

Bi Opal hakuningoja mimi niseme.

"Kaka, usimpe Royce pesa mpaka akuletee karatasi ya ghala kwamba wao wameshalipwa. Umenisikia? Hata dola moja."

Mzee alitutazama, mmoja baada ya mwingine.

"Nimemlipa jana," akasema. "Zote. Alinipunguzia kidogo nilipe kwa mkupuo."