Koti Kwenye Kiti

Koti lilikuwa la baba yake, la rangi ya majivu, na kiwikoni lilikuwa na kiraka kilichoshonwa kwa uzi mwekundu. Binti alipoajiriwa idara ya maji kuwa mkaguzi wa mabomba, kazi ile ile aliyoifanya marehemu baba yake, mama alilitoa kabatini akampa. Alilitundika kwenye kiti chake kwa sababu moja tu: hamu ya baba ilikuwa bado inamkaba. Kila asubuhi alinusa kola kwa siri, harufu ya kutu na tope, ndipo akaketi. Ofisini wakambatiza Mrithi, na jina likaganda.

Mwanzoni alikuwa moto. Alifika kabla ya mfagizi, akaomba buti, akaomba gari. Buti hakuna, gari halina mafuta, na mafuta yakipatikana yanampeleka mkubwa mkutanoni. Jirani yake wa meza, mcheshi aliyeitwa Mstaafu Mtarajiwa kwa kuwa alianza kuzungumzia kustaafu wiki ile ile aliyoajiriwa, alimtazama kwa huruma ya kweli.

"Mdogo wangu, punguza mwendo. Ukikimbia peke yako, sisi wengine tutaonekana tumekaa."

"Si mmekaa kweli?"

"Tumekaa, lakini hatujaonekana!"

Ni yeye aliyemfunulia kazi nyingine ya koti. Siku moja Mrithi alichelewa dukani, akarudi na kukuta watu waliokuja na shida za maji wametulia kwenye benchi, hakuna anayelalamika. "Nimewaambia upo, si koti wanaliona?" Mstaafu alimnong'oneza. "Hilo ni mfanyakazi hodari kukushinda. Haliombi buti."

Basi chai ya saa nne ikaanza kurefuka. Hakuna aliyemkalisha chini akamfundisha uvivu. Ulimwingia tu, kama moshi unavyoingia nguoni. Akitoka, koti linabaki. Watu wakiliona wanangoja, wakingoja wanachoka, wakichoka wanakwenda zao. Kola nayo ikaanza kunuka ofisi. Jioni alikuwa akiwakumbuka watu wawili, baba yake na yule msichana aliyeomba buti, na hakujua ni nani kati yao aliyekwenda mbali zaidi.

Alhamisi moja alirudi kutoka mgahawani, kicheko hakijamwisha, akamkuta bibi kizee amesimama kando ya kiti chake, anapapasa kile kiraka.

"Shikamoo, bibi. Hilo usiliguse, tafadhali."

"Marahaba, mwanangu. Huu uzi ni wangu. Sikuwa na mwingine siku ile."

Bibi akaeleza. Zamani bomba kubwa lilipasuka nyuma ya nyumba yake. Mkaguzi alikuja kwa miguu kwenye mvua, seng'enge ya uani ikamchania koti. "Akalivua, akaniambia, 'Nishikie, mama. Nikiacha koti langu mahali, lazima nirudi.' Akashuka shimoni. Mimi huku nikalishona. Jioni akapanda, tope hadi masikioni, akalichukua." Bibi alitabasamu. "Sasa limepasuka tena pale pale. Maji yanakula msingi wa chumba ninacholala. Kila nikija naambiwa yupo, naliona koti, nakaa. Majirani wanasema nende kwa mkubwa. Nawaambia ya nini, mtu wangu yupo. Niitie basi."

Mstaafu Mtarajiwa aliinamia droo yake akitafuta kitu ambacho hakikuwemo.

*Ametoka kidogo.* Maneno yalikuwa tayari kwenye ulimi wa Mrithi. Yalishazoea kutoka yenyewe. Akayameza.

"Bibi, yule alikuwa baba yangu. Alifariki kabla sijaajiriwa hapa."

Bibi akatafuta kiti, akaketi taratibu. "Kumbe siku zote hizi nilikuwa namsubiri marehemu."

"Hata mimi," Mrithi akasema, na machozi yakamtoka mbele ya benchi zima. Alimtaka baba yake aingie pale mlangoni na tope lake, achukue koti lake, amwambie kaa, mwanangu, hii niachie mimi. Mlangoni hakuingia mtu. Akapangusa uso, akachukua spana kubwa kabatini, akalivaa koti. Mikono ya koti ilimfika vidoleni.

"Gari halina mafuta," Mstaafu alisema, na safari hii hakuwa anatania.

"Baba alikwenda kwa miguu."

"Na watu wakiuliza?"

"Waambie sipo."

Nyuma ya nyumba ya bibi maji yalikuwa yanabubujika, na ukuta wa chumba umepata ufa wa kuingiza kiganja. Koki ya kufungia maji ilikuwa chini kabisa, ndani ya shimo lililojaa tope. Mrithi alivua viatu vyake vya ofisini. Kisha akavua koti.

"Nishikie, bibi."

Bibi alilipokea, akalikunja, akalikumbatia kifuani. "Utarudi kulichukua?"

"Nitarudi."

Akashuka. Tope la baridi lilimfika mapajani. Akainama, akapapasa hadi akaipata koki, akaipachika spana na kuivuta kwa nguvu zake zote, na uso wake ulipokaribia maji harufu ya kutu na tope ikampanda puani, ile ile aliyokuwa akiitafuta kwenye kola kila asubuhi.