Sefu wa Daftari la Tisa

Alhamisi alasiri, Nyota alipofungua mlango wa ua wa mama yake huko Kabondo, alimkuta Leila, mjane wa kaka yake Sefu, ameketi barazani ndani ya kitenge cha njano. Nywele zimesukwa upya. Mikono ina hina, macho yana wanja.

Nyota alibaki amesimama, mkono ungali kwenye komeo. Wiki tatu nyuma alimwacha mwanamke huyu chumbani, amejitanda nguo nyeupe tangu kichwani hadi miguuni, akikaa eda kama kila mke wa Kiislamu aliyefiwa: miezi minne na siku kumi bila mapambo, bila marashi, bila kutoka nje. Sasa zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa tu.

"Semeki, ni nini hii?" alimwuliza mke huyo wa kaka yake, na sauti ikamtoka chini chini.

Leila hakuinua macho. "Uliza mama yako. Ao uliza kaye yako, ile daftari yako."

Nyota ni mwandishi wa riwaya. Mchana anapiga chapa barua za watu kwenye kibanda cha fotokopi pale Makiso. Wateja wakipungua, anavuta daftari la shule chini ya meza na kuandika. Riwaya yake ya kwanza ilichapishwa Kinshasa. Ya pili ilikuwa ya ukoo wao wenyewe, na yote aliyachota kwa mama yake, Mama Binti, ambaye hakusoma hata darasa moja lakini kichwani alibeba watu wengi: bibi aliyeanika kivuli chake kwenye kamba pamoja na nguo, babu ambaye tasbihi yake ilijihesabu yenyewe akiwa usingizini. Kila Alhamisi Nyota alipanda toleka, akikaa nyuma ya baiskeli na madaftari mapajani, akaenda kumsomea mama sura mpya. Mama alisahihisha.

"Hapana. Bibi yako hakupika pondu ile siku. Ilikuwa lituma."

Nyota alifuta pondu, mboga ya majani ya muhogo, akaandika lituma, ndizi zilizopondwa. Majina aliyaacha yaleyale ya kweli. Alijiambia atayabadilisha mwishoni, kwa sababu akimpa bibi jina la kubuni kalamu ilikuwa inagoma.

Kisha ikaja habari ya mashua ya mota iliyopinduka ikitoka Isangi. Sefu alikuwemo. Walionusurika walimwona akizama mara ya mwisho, lakini mwili haukupatikana. Tonton Mohamadi, mdogo wa marehemu baba yao, aliwasikiliza wote mmoja mmoja, akasema ushuhuda wao watosha, Leila akae eda.

Sefu alikuwa fundi wa mota za mitumbwi. Katika daftari la tisa Nyota alimwandika akiwa hai. Sefu alipanda mto kwa miguu, chini ya maji, hadi kwenye maporomoko ya Wagenia, akafungua karakana huko kilindini. Anawatengenezea watu wa majini mota zao, na yale mapovu meupe ni moshi wa kazi yake. Atarudi akimaliza mota ya mwisho. Nyota aliiandika sura ile kwa siku moja, bila kula. Alipomsomea mama, mama hakusahihisha hata neno moja, na Nyota akarudi nyumbani amejaa fahari. Baadaye malaria ikamlaza, akakosa Alhamisi mbili.

Sasa Mama Binti alitoka jikoni na sahani ya lituma, akaiweka mkekani.

"Umepona homa? Bon. Kaa."

"Mama, sababu gani Leila iko nje? Sababu gani amejipamba?"

"Bwana yake akipanda kutoka mtoni, amukute amevaa kama mujane? Watu watasema nini?"

"Bwana yake nani?"

Mama akamtazama kama mtu anayechokozwa na mtoto. "Sefu. Si weye uliandika? Iko Wagenia. Inabakia mota moja."

Nyota akaketi chini, si mkekani, bali kwenye sementi tupu.

"Mama, ile ni kitabu."

"Kitabu, ndiyo. Bibi yako niliyekuambia, iko mu kitabu. Ni uongo? Babu yako ni uongo? Alors, kwa ndugu yako tu ndio ulidanganya?"

Miaka yote hiyo Nyota alidhani mama anamtungia hadithi. Kumbe mama alikuwa anamtolea ushahidi. Hakuwahi kumwuliza kama ni kweli, hata siku moja.

"Tonton Mohamadi amekuja mara mbili," Leila alisema. "Mama amemufukuza."

"Nilimuambia, weye unajua Kurani, kaye ya mutoto yangu hauijui," Mama alisema, na karibu acheke.

"Nilisema eda ikiisha nirudi Banalia, kwa baba yangu. Mama anakatala. Anasema bibi ya mutu haachi nyumba ya bwana yake." Leila alinyamaza kidogo, akikwaruza hina kwa ukucha. "Na unajua, Nyota? Siku mbili za kwanza kisha ile sura yako, hakuna mutu alinilazimisha. Nilijipaka marashi mimi mwenyewe. Kila pikipiki ikisimama kwa mulango, nilisimama."

Hilo ndilo lililompiga Nyota kuliko yote. Akalivuta daftari la kumi kutoka kwenye mfuko, akalifungua popote.

"Mama, niko na sura ya mupya. Mu hii Sefu anakufa. Sikia." Akaanza kusema maneno yaliyomjia, jinsi maji yalivyomfunika, jinsi watu wa majini walivyolia.

"Acha," Mama alisema.

"Bado haijaisha."

"Macho yako haitembei. Ukiwa unasoma, macho inatembea. Nimekuangalia ukisoma tangu uko mutoto. Usinidanganye."

Ukurasa uliokuwa mbele ya Nyota ulizungumzia harusi ya shangazi. Akafungua ukurasa mwingine, na mwingine, na ndipo alipoona jambo ambalo hakuwa amejiambia: madaftari kumi, na hakuna hata mstari mmoja uliosema kwamba Sefu amekufa. Katika kifo cha kila mtu wa ukoo aliweka maua, ndege na mvua. Kifo cha Sefu alikizunguka kama shimo barabarani.

Akatoa kalamu. Herufi ya kwanza ikatoboa karatasi. Aliandika mstari mmoja, akashindwa kuongeza wa pili. Mama na Leila walimtazama.

Akasoma, na safari hii macho yake yalitembea.

"Sefu, mwana wa Binti, alizama mtoni, akafa."

"Soma tena."

Akasoma tena.

"Tena."

Akasoma mara ya tatu.

Mama Binti alisogea, akanyoosha kidole. "Iko wapi?"

Nyota akakishika kidole kile, akakiweka juu ya maneno. Mama akakipitisha polepole, akafika kwenye nukta, na pale kidole kikatua.

"Ni hii tu?"

"Ni hii tu, mama."

"Iko fupi."

"Iko fupi."

Mama hakukiondoa kidole. Machozi hayakumtoka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi na asiyejua nani kampiga. Mwishowe alisema, bila kugeuka, "Leila, mama, ingia ndani. Siku zako zinaendelea. Ikiisha, tonton atakufikisha Banalia."

Leila alikuwa ameshasimama. Aliingia chumbani, akafunga mlango taratibu.

"Na weye," Mama akamwambia Nyota, "andika na siku. Ilikuwa mercredi."

Nyota hakujua kwamba mama yake aliishika kichwani Jumatano ile ya ajali. Akainama, akaandika mercredi.